Usinunue kitasa kwanza

Moshi,
Jumapili jioni

Baba Neema, ndugu yangu,

Shemeji na watoto hawajambo hapo Sakina? Huku kwetu tu wazima.

Tangu uliponiambia kwenye simu kwamba mlango wa abiria wa mbele wa gari lako siku nyingine unaitika rimoti, siku nyingine kimya, na fundi anataka ununue kitasa kizima, sijatulia. Naomba usitoe hela kwanza. Wangu ulinifanyia hivyohivyo. Nilibonyeza rimoti pale Mbuyuni, nikasikia milango inajifunga, nikaondoka. Kumbe ule mmoja umebaki wazi. Tuliporudi, mkoba wa mama watoto haupo. Iliniuma sana.

Mwambie shemeji akae kiti cha dereva awe anabonyeza swichi ya kufungia milango, nawe uusogeze huo mlango polepole, uufungue na kuurudisha. Ukisikia mota inahangaika lakini kitasa hakisogei, basi ni mota yenyewe au grisi iliyoganda kwa vumbi. Ila kama ni kimya, halafu mlango ukifika mahali fulani kinaitika, huo ni waya umekatika.

Kati ya mlango na bodi kuna mpira mweusi wenye mikunjo. Uchomoe taratibu. Nilipouchomoa wangu, nyaya zote zilionekana nzima. Nikawa napinda mmoja mmoja kwa vidole, mpaka ganda la ule wa bluu likaachama kama mdomo: ndani shaba imekatika, ncha zimeota ukijani.

Usiuunge palepale, tafadhali. Hapo ndipo panapopinda kila mlango ukifunguliwa, na risasi ya kuungia huufanya waya uwe mgumu, kwa hiyo utakatika tena pembeni ya kiungo. Mimi nilikata kipande kibovu, nikaweka kirefu kidogo cha waya laini wa nyuzi nyingi, ili kiungo kimoja kikae ndani ya mlango na kingine ndani ya bodi, mbali na mpira. Waya na tepu havikufika shilingi 5,000.

Kabla ya kukata waya, pandisha kioo kwanza, kisha chomoa waya wa hasi kwenye betri. Kava la mlango, utakalolitoa ili ufikie nyaya za ndani, lina skrubu iliyojificha ndani ya kibakuli cha kuvutia mlango. Watu huisahau, wakalazimisha, plastiki ikapasuka. Na ile nailoni iliyo nyuma ya kava irudishe vizuri. Maji ya mvua huteremka kwenye kioo hadi ndani ya mlango, na bila nailoni yatalowesha kapeti.

Jumamosi nitapanda basi la asubuhi, nije na pasi yangu ya risasi. Wewe nunua waya tu. Kama huwezi kungoja, vua huo mpira leo, unipigie uniambie umekuta nini.

Msalimie sana Neema.

Ni mimi ndugu yako