Asante, mama wa penseli nyekundu

Jina lako sitalitaja, ulinikataza. Lakini siwezi kunyamaza. Siku yangu ya kwanza kwenye kamati ya wananchi inayosimamia kodi ya sanaa, ile inayolipia walimu wa sanaa shuleni hapa Portland, Oregon, Marekani, makabrasha yalinitisha. Mimi hesabu nilizisomea kwa Kiswahili. Ukavuta kiti, ukapiga mstari kwa penseli nyekundu chini ya sentensi moja: mwalimu mmoja wa sanaa kwa kila wanafunzi 500 wa shule ya msingi. “Anzia hapa,” ukaninong’oneza. Tangu siku hiyo nazifuatilia zile dola 35 za kila mtu mzima mwenye kipato cha kutosha, tulizopigia kura mwaka 2012, hadi darasani. Juzi binti yangu amerudi nyumbani vidole vimejaa rangi, nikakukumbuka. Asante sana, mama. Mungu akuzidishie.