Septamu si saba, wala si septiki

Ndugu Mhariri,

Nimenunua gazeti lako miaka 26 bila kukuandikia hata mstari mmoja. Makala yako ya afya ya Jumamosi, ile ya watoto wenye tundu kwenye moyo, imenitoa kimyani. Mwandishi wako ametuambia kuwa septamu, ukuta unaotenga upande wa kulia na wa kushoto wa moyo, imeitwa hivyo kwa sababu ya "saba" ya Kilatini, kama Septemba. Saba ya nini? Moyo una vyumba vinne!

Yenye saba ni Septemba. Ilikuwa ya saba Warumi walipokuwa wakianza mwaka Machi. Septamu imetoka kwenye saeptum, mahali palipozungushiwa ua. Ua, Mhariri, kama wangu wa makuti. Ndiyo maana hata ukuta ulio kati ya matundu ya pua una jina hilohilo.

Haya si mambo ya wasomi kushindana. Mwaka juzi mkamwana wangu alipeleka mtoto hospitali. Daktari, macho kwenye karatasi, akamwambia "septamu ina tundu", akaita mwingine. Yeye akasikia septiki. Septiki anayoijua ni ya chooni, ile inayonyonywa na gari la majitaka. Akarudi na daladala analia, moyo wa mwanawe umeoza! Na septiki, kwa Kigiriki, ni kuoza kweli. Basi kosa lake ni lipi? Nikamchorea nyumba sakafuni kwa mkaa: vyumba, kiambaza katikati, tundu kwenye kiambaza, damu ya kushoto yenye msukumo mkubwa inapenya kulia na kurudishwa mapafuni bure. Dakika tano tu, akafuta machozi. Tundu lilikuwa dogo, likaziba lenyewe, kama yanavyoziba mengi madogo.

Dawa nazo hivyohivyo. Karatasi ya vidonge vyangu vya presha ni ndefu kama mkeka: Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu. Kiswahili hamna, na vidonge nameza mimi.

Ule msuli wa kupumulia tumeuita kiwambo, kwa kuwamba ngozi ya ngoma, na watoto wa shule wanauelewa. Kiambaza kimetushinda nini?

Mnunulie mwandishi wako kamusi moja. Ifungwe kamba mezani, kama kalamu ya benki, isije ikaazimwa na dawati la michezo.

Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Tanga