Nchi tupu kwenye ramani za hadithi ziwe na sababu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua niseme na waandishi wa hadithi za fantasia wanaobuni dunia zao wenyewe, kisha wakazichorea ramani. Karibu kila ramani ya namna hiyo ina kona moja kubwa iliyoandikwa "Nyika Tupu" au "Nchi Isiyo Watu". Ukiuliza kwa nini watu hawakai huko, jibu huwa laana. Laana peke yake haitoshi. Binadamu mkaidi: penye maji na udongo atajenga, hata akiambiwa pana mashetani.

Mwandishi, anza na upepo. Chora mshale kuonyesha unavuma kutoka bahari ipi. Upepo ukifika kwenye safu ya milima, upande unaoupokea hunyeshewa na upande wa nyuma hubaki mkavu. Jangwa lako likae huko nyuma. Kama dunia yako ni tufe linalozunguka kama hii yetu, maeneo ya karibu nyuzi 30 kaskazini na kusini mwa ikweta nayo huelekea ukame, kwa kuwa hewa iliyopanda ikweta hushukia huko ikiwa imekwisha kumwaga mvua yake. Jangwa la pwani pia linawezekana, mradi lipakane na mkondo wa maji baridi, kama Namib na Atacama. Hapo ukungu upo, mvua ndiyo haba.

Mto ndio unaoharibu ramani nyingi. Mchoraji anatangaza nchi haina mtu, halafu anapitisha katikati yake mto mpana wa maji matamu. Nile inakatiza jangwa, na kandokando yake watu wamebanana tangu kale. Ukitaka mto ubaki na nchi ibaki tupu, uzamishe kwenye korongo lenye kuta ambazo mtu hashuki na ndoo, au uumalizie kwenye ziwa lisilo na njia ya kutokea. Ziwa la aina hiyo hupoteza maji kwa jua, chumvi ikabaki, na mwishowe halinyweki. Bahari ya Chumvi ina chumvi karibu mara kumi ya ile ya bahari kuu.

Wala utupu si lazima uwe ukame. Sehemu kubwa za Afrika zenye majani mazuri zilikosa wafugaji kwa sababu ya mbung'o, anayeambukiza ng'ombe nagana na watu malale. Mdudu kama huyo anailinda nchi kuliko joka. Joka huuawa kwa mkuki. Mbung'o utamchoma yupi? Baridi ya milimani ni sababu nyingine: joto hupungua takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na makazi ya kudumu juu ya mita 5,000 ni machache mno. Mji wa La Rinconada nchini Peru upo kwenye mita 5,100 hivi, lakini kilichowapandisha watu huko ni dhahabu. Visiwa navyo huweza kukaa tupu kwa umbali tu. Mauritius, yenye mvua na misitu, haikuwa na wakazi mpaka Waholanzi walipoweka makazi mwaka 1638.

Sasa hesabu ya mzigo, ambayo wengi hawaifanyi kabisa. Mpagazi mwenye kilo 30 mgongoni anahitaji kwa siku ya joto kilo 1 ya chakula kikavu na walau lita 5 za maji. Hizo ni kilo 6, kwa hiyo mzigo wake wote, bila kuhesabu viriba, ni posho ya siku 5. Akitembea kilomita 25 kwa siku atafika kilomita 125, na kama mbele hakuna kisima cha kumrudisha, mwisho wake ni kilomita 60 na kidogo. Farasi ni balaa zaidi: siku ya joto hunywa lita 30 hadi 40 na kula kilo 10 za majani makavu, hivyo mzigo wa kilo 90 anaumaliza mwenyewe kwa siku 2. Shujaa anayevuka jangwa la kilomita 600 kwa farasi mmoja ameshakufa, ni mwandishi tu hajapata habari. Ngamia anayekaa siku 7 bila kunywa na kubeba kilo 150 hutosheleza watu watatu, maana kilo 6 mara watu 3 mara siku 7 ni kilo 126.

Anayetaka kwenda mbali kwa miguu atafukia akiba njiani. Mpagazi wa siku 5 hutumia 2 kwenda, huweka 2 za kurudi, na hufukia 1. Safari kumi za mtu mmoja huacha posho ya siku 10 mahali palipo kilomita 50 tu kutoka kambini. Hapo hadithi inapata vitu vya kuharibika: kiriba kimevuja, fisi amefukua chakula, mchanga umefunika alama.

Pia usichanganye nyika na mahame. Mahame ni pale watu walipokuwapo wakahama, na huacha alama: vigae, mafiga, kisima kilichofukiwa, makaburi, miti ya matunda iliyosimama kwa safu. Kuta za udongo zikikosa paa huyeyuka kwa mvua, kwa hiyo usitegemee magofu ya kupendeza kila mahali.

Majina yawe machache, kwa kuwa jina huwekwa na mdomo. Mlima wa mita 3,000 huonekana kutoka karibu kilomita 195 hewa ikiwa safi na mbele pakiwa pawazi, kwa hiyo una jina, pengine mawili, moja kwa kila upande. Kijito kilicho chini yake hakina. Na wachora ramani wanaweza kukosea: Mwingereza James Rennell alichora Milima ya Kong huko Afrika Magharibi mwaka 1798, wenzake wakainakili karibu karne nzima, mpaka mpelelezi Mfaransa Louis-Gustave Binger alipopita huko mwishoni mwa miaka ya 1880 asiikute. Mhusika akipewa ramani ya aina hiyo, posho ya siku 5 mkononi, kisa kimeshaanza.

La mwisho ni dogo: wekeni kipimo pembeni mwa ramani. Bila kujua sentimita moja ni kilomita ngapi, msomaji hawezi kuhesabu hata kiriba kimoja.

Mchora ramani za hadithi