Shoga, usipande kwanza

Shoga yangu Mwanajuma,

Assalaam aleikum. Natumai hujambo, mamako hajambo, na mtoto wa Kassim ameshapoa. Sisi huku Kisauni wazima, ni joto tu linalotukondesha. Najua nimekaa kimya tangu Idi, hayo nitakueleza tukikaa. Leo nina haraka, masika yako mlangoni nawe najua jembe umeshalinoa.

Nakuomba usipande mahindi matupu.

Lile bua ulilonipasulia kule Matuga halijanitoka akilini. Ndani unga kama wa msumeno, na kiwavi wa rangi ya maziwa, madoa meusi mgongoni, amejilalia kama yuko kwao. Ukaniuliza nondo, yule kipepeo wa usiku mamake kiwavi, anayajuaje mahindi na giza lote lile. Sasa nimepata kitabuni: anayanusa. Vipapasio vyake ndiyo pua yake. Wala si harufu moja anayoifuata, ni mchanganyiko na vipimo vyake, kama kikuba. Bi Rukia akikupa asumini peke yake, utasema amekupa kikuba? Kuna vidukari weusi wa maharage walijaribiwa hivyo. Walipopewa harufu za mmea wao moja moja, nyingi ziliwafukuza. Zilipochanganywa kama zilivyo mmeani, wakazifuata. Hapo nilikiweka kitabu chini nikasema Subhanallah.

Basi wataalamu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita kando ya Ziwa Victoria, na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1990 wakamshika nondo kwa pua hiyohiyo. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, jamii ya kunde, inatambaa. Harufu yake inafanana na ya mahindi yaliyokwisha kuliwa, nondo akiisikia anapita. Pembeni unazungusha nepia, yale majani marefu ya ng'ombe. Giza likiingia tu, nepia inatoa harufu inayomvuta kuliko mahindi yenyewe, anakwenda kutaga huko. Viwavi wakianza kutoboa, nepia inatoa utomvu wa kunata, wengi wanafia humo. Wanaita vuta-sukuma.

Taabu ipo, sikufichi. Desmodiamu hukawia kushika, msimu wa kwanza utaipalilia mpaka mgongo ulie. Lakini ikishashika inadumu miaka, na mbuzi wako wataila. Mwaka jana ulivuna magunia mangapi vile? Niliona uso wako tu, sikuthubutu kuuliza. Ndiyo maana nasema, shoga, hata kipande kidogo tu, ujaribu.

Pale chini karibu na ule mnazi ulioanguka bado pako wazi? Ng'ombe wa mjomba wanafika? Nikutafutie mbegu huku mjini, au kwanza utamuuliza afisa wa kilimo? Harusi ya Zuhura unakuja, tuzungumze vizuri? Na yale mabua ya mwaka jana umeyaondoa, au bado yamelala shambani? Yaondoe, maana kiwavi hujificha humo kiangazi chote akingoja mvua.

Nduguyo,
Saumu