Yaya, ile lenzi ya 50 uliiuzia nini?

Yaya,

Mkubwa wangu, nasikia unatafuta tena mnunuzi wa kamera, eti safari hii megapikseli ni chache. Chache kwa kazi gani? Ile ya kwanza, ya 2011, ilikuwa na 18, yaani picha ya 5184 kwa 3456. Ichape sentimita 45 kwa 30, unapata nukta 115 kwa kila sentimita. Nani hapa Goma amewahi kukuagiza picha ya ndoa kubwa kuliko hiyo? Wengi wanaomba utume kwa WhatsApp, basi.

Na vile vitone vyeusi ulivyoita uzee wa kamera ni vumbi letu la volkeno. Mtu anabadilisha lenzi akiwa amekaa kwenye pikipiki, kutoka Himbi mpaka Birere, halafu analaumu sensa, kile kibao kinachopokea picha ndani ya kamera! Weka f/16, tundu la lenzi liwe dogo, elekeza kwenye mawingu meupe, vuruga fokasi, piga. Kitone kilicho juu ya picha kiko chini kwenye sensa, maana picha huingia kichwa chini. Jaza betri, fungua menyu ya kusafisha sensa, inamisha kamera itazame chini, pulizia kwa kipira cha hewa. Usipulize kwa kinywa. Mate yakikaukia pale, utahitaji kijiti cha kufutia chenye upana wa sensa na matone mawili ya dawa, upitishe mara moja tu. Dakika kumi zimeisha. Wewe ulinunua kamera nyingine.

Hilo nimeshalisamehe. La 50 bado.

Canon walipoleta lenzi za RF, zenye mdomo mpya, mwaka 2018, ulisema lenzi yako ya milimita 50, f/1.8, haitaingia tena. Ilikuwa inaingia kwa adapta, na fokasi inajivuta yenyewe kama zamani. Ukaiuza, ukaiuza na fleshi, ili ujazie bei. Ndiyo maana usiku wa ndoa ya mdogo wetu ulisimama kwenye kona ya salle, ule ukumbi wa sherehe, na kamera mpya na zumu iliyovutwa mpaka 105, f/7.1, ISO (unyeti kwa mwanga) 6400, 1/15 ya sekunde. Mama akainuka kucheza.

f/1.8 inapitisha mwanga kama mara 15 ya f/7.1. Ungesogea hatua chache na 50, ungepiga kwa 1/200 bila kugusa ISO. Ulituambia lenzi ina kituliza mtikisiko. Kinatuliza mkono wako, yaya. Mama anayecheza hakimtulizi. Na dari ya salle ile ilikuwa nyeupe, fleshi moja iliyoelekezwa juu ingetosha.

Hatukujua kwamba hatacheza ndoa nyingine.

Mkono wako ni mzuri, sijawahi kubisha. Wewe ndiye unayengoja mtu amalize kucheka ndipo unabonyeza, na hiyo haiuzwi dukani. Ndiyo sababu sikutuma zile dola 300 ulizoomba. Nyumbani wanasema nina roho ngumu. Waseme. Zingeingia kwenye kamera ya tatu, na ungebaki na zumu ileile yenye giza. 50 iliyotumika ungeniambia bei yake, ningetuma siku hiyohiyo. Hukuniambia. Ulitaka kamera.

Ile picha usiifute. Nitumie faili yenyewe, RAW, si ile ya WhatsApp. Uso umepotea, najua. Lakini kiganja cha mama kilichokaa begani mwa bibi harusi hakikutikisika.