Mipaka yetu haikuchorwa Berlin

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya hivi karibuni kuhusu nchi za Afrika, watu wake na wakoloni wake niliisoma yote, na naomba muendelee na mfululizo huo. Ila kuna sentensi moja ambayo siwezi kuinyamazia, ile inayosema kwamba mipaka ya Tanganyika ilichorwa kwenye Mkutano wa Berlin. Watoto wetu wanaikariri mashuleni, watu wazima wanairudia vijiweni, na sasa imeingia gazetini kana kwamba ni jambo lisilo na mjadala.

Mkutano wa Berlin ulifunguliwa Novemba 15, 1884 na kufungwa Februari 26, 1885. Wajumbe wa mataifa 14 walikaa pale na Mwafrika hata mmoja hakualikwa. Walikubaliana juu ya biashara huria katika bonde la Kongo, safari za meli katika mto Niger, na kwamba taifa litakalotwaa sehemu ya pwani liwajulishe wenzake na liwe na mamlaka ya kweli pale. Ubaya wa mkutano ule siupunguzi hata kidogo. Lakini hati iliyotiwa saini Berlin haikuweka mpaka hata mmoja wa nchi yetu. Mipaka hiyo ilikuja baadaye, kwa mikataba mingine yenye tarehe zake na watu wake, na tunapoyatupia yote Berlin tunawasahau waliotuuza kipande kwa kipande.

Wajumbe wakiwa bado wanajadiliana huko, Mjerumani Carl Peters alikuwa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya saini za machifu kwenye karatasi za Kijerumani. Mangungo wa Msovero ni mmoja wao, na kila Mtanzania anajua jina lake linavyotumika leo mtu akisaini mkataba wa hasara. Hati ya Kaiser, yaani mfalme wa Ujerumani, ya kuyaweka maeneo hayo chini ya ulinzi wake ilitolewa Februari 27, 1885, siku moja baada ya mkutano kufungwa.

Mstari wa kaskazini ulikubaliwa na Uingereza na Ujerumani mwishoni mwa Oktoba 1886. Unaanzia mdomo wa mto Umba, unapita kati ya Taveta na Uchagga, unazunguka chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha unanyooka hadi Ziwa Victoria kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Wadigo, Wamasai na Wakuria wakajikuta wamegawanywa na rula. Hapa naomba pia tuiache ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima Kilimanjaro kama zawadi. Mwaka 1886 Wilhelm hakuwa hata Kaiser, alipata kiti mwaka 1888. Mlima ulikwenda kwa Wajerumani kwa sababu mawakala wao walikuwa wameshapata mikataba Uchagga, na Mombasa ikabaki upande wa Waingereza. Hadithi ya zawadi inawafanya watu wacheke, na kumbe palikuwa na mapatano ya kibiashara yaliyopimwa vizuri.

Mimi kazi yangu ni uwakala wa forodha, kwa hiyo kuna kipengele cha mwaka 1886 ambacho sikisahau. Uingereza iliahidi kuiunga mkono Ujerumani ili kampuni ya Kijerumani ikodishiwe na Sultani ushuru wa forodha wa bandari za Dar es Salaam na Pangani. Pwani ilikuwa bado ya Sultani wa Zanzibar kwa maandishi, maili kumi kuingia bara, lakini mkono ulishaingizwa kwenye kapu la ushuru. Mwaka 1888 kampuni ile ikapewa ukusanyaji wa ushuru wa pwani yote, na watu wa pwani wakainuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim na Bwana Heri. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani ikainunua pwani moja kwa moja kutoka kwa Sultani kwa mark milioni 4.

Sasa nije kwenye mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890, ambao ndio unaotusumbua hadi leo. Kwa karatasi hiyo Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, na ikapata ule ukanda mwembamba wa Caprivi ulioko Namibia. Na humo humo iliandikwa kwamba mpaka katika Ziwa Nyasa unafuata ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi hadi mdomo wa mto Songwe. Ufuko, si katikati ya maji. Kwa maneno hayo mama wa Kikisi pale Matema anayepakia vyungu kwenye mtumbwi ameshaingia nchi nyingine kabla kasia halijagusa maji. Vivyo hivyo kwa Wamanda wa Ludewa na Wanyasa wa Liuli na Mbamba Bay, watu ambao ziwa ni shamba lao na barabara yao.

Malawi inashika maandishi hayo, pamoja na azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la Cairo la mwaka 1964 la kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru, azimio ambalo Mwalimu Nyerere mwenyewe alilipigania. Tanzania inashika desturi ya sheria za kimataifa kwamba nchi zinazopakana ziwani hugawana maji katikati. Suala lilipamba moto tena mwaka 2012 kwa ajili ya utafutaji wa mafuta na gesi, likapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano. Mimi naamini hoja yetu ina nguvu. Lakini kijana wa Kitanzania aliyefundishwa kwamba mpaka ule ulichorwa Berlin ataitetea vipi mbele ya Mmalawi aliyeusoma mkataba wa 1890? Atashindwa kabla ya kufungua mdomo.

Mpaka wetu na Rwanda na Burundi ni wa karibuni zaidi. Nchi hizo zilikuwa ndani ya koloni la Wajerumani lililotawaliwa kutoka hapa Dar es Salaam. Wabelgiji waliingia mwaka 1916, na Mei 1919 wajumbe wawili, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, wakaligawana koloni hilo. Uingereza ilichukua hadi Gisaka, mashariki ya Rwanda, ikiwaza njia ya reli yake. Mfalme Musinga akalalamika, na miaka michache baadaye Gisaka ikarudishwa na mpaka ukasogezwa hadi mto Kagera. Dereva anayetoka bandarini na kontena la Kigali anakaguliwa Rusumo, juu ya maporomoko ya Kagera, kwa sababu ya marekebisho hayo.

Wabelgiji nao walipewa njia ya kufika baharini. Mwaka 1921 Uingereza iliwakodisha maeneo ndani ya bandari za Kigoma na Dar es Salaam, yaliyojulikana kama Belbase, kwa frank 1 kwa mwaka, milele. Milele! Serikali ya Mwalimu ilipopata uhuru Desemba 1961 ilikataa kufungwa na hati hiyo, kwa hoja kwamba mtawala wa muda hawezi kutoa ardhi ya nchi ya watu kwa muda usio na mwisho. Hoja hiyo inasomwa na wanasheria wa mataifa mengine hadi leo, na hapa Kurasini, hatua chache kutoka bandarini, vijana wengi hawajawahi kuisikia.

Naomba basi, Mhariri, msahihishe sentensi ile, na mfululizo unaokuja uchukue mpaka mmoja mmoja, Umba, Songwe, Ruvuma, Kagera, kila mmoja na mwaka wake, waliosaini, na makabila yaliyokatwa. Anzeni na Ziwa Nyasa, na maneno ya mkataba wa 1890 yachapwe yote kwa Kiswahili.

Wakala wa forodha,
Kurasini, Dar es Salaam