Anzeni na kiatu, ski zifuate

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Waswahili wa Norway na likizo ya Pasaka milimani ilitufurahisha, ila ilipofika kwenye vifaa ilimpoteza msomaji. Mliandika kwamba mtu anyooshe mkono juu, achague ski (vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji) zinazomfika kiganjani, kisha atafute kiatu chochote kinachomtosha. Kipimo hicho ni cha ski za njia zilizochongwa na mashine, nyembamba kama zile alizovaa Mkenya Philip Boit kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Kwenye uwanda wa juu wa Hardangervidda hakuna reli za kutelezea. Kuna vijiti vilivyochomekwa kwenye theluji kuonyesha njia, kuna upepo, na kutoka kibanda kimoja hadi kingine mara nyingi ni km 15 hadi 25. Anayeanzia Finse, mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, mahali panapofikiwa kwa garimoshi na si kwa gari, kiatu kikimfia njiani hana duka la kukimbilia.

Kwa hiyo kiatu kwanza. Mtu aende kukijaribu jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa mizunguko ya siku, na avae soksi zile zile atakazovaa mlimani: nyembamba ndani, nene ya sufu juu yake. Vidole vibaki na nafasi ya sm 1 hadi 1.5 mbele. Apige pua ya kiatu sakafuni mara mbili tatu. Kidole gumba kikigonga mbele, akirudishe. Kisha asimame kwa ncha za miguu kwenye ngazi. Kisigino kikiinuka ndani ya kiatu zaidi ya nusu sm, malengelenge yatatoka kabla ya chakula cha mchana. Wengi hukimbilia kiatu kinachobana wakidhani ndicho kinachoshika vizuri. Kiatu cha namna hiyo hukaba damu, na kidole kisichopata damu kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri huganda huku mwenyewe akidhani kimezoea baridi, kwa sababu maumivu yamekoma.

Halafu ashike pua ya kiatu kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, akisokote kama anayekamua nguo. Kikisokoteka kirahisi, mteremkoni mguu utageuka na ski itaendelea na safari yake. Lakini pale penye mizizi ya vidole lazima kikunjike vizuri, maana kisigino huinuka kila hatua, maelfu ya hatua kwa siku.

Kiatu ndicho kinachoamua kifungio, yaani kinachoshikiza kiatu kwenye ski, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Iko mifumo mitatu mikuu, na hakuna unaokubali kiatu cha mwingine. Mkongwe ni wa mm 75, wenye ukoo na kifungio alichobuni Bror With mwaka 1927 na kukiita Rottefella, yaani mtego wa panya. Pua ya kiatu chake imechomoza kama mdomo wa bata, na chini ina matundu matatu yanayokaa kwenye pini tatu. Ni rahisi kutengeneza hata ukiwa na glavu. Ubaya wake ni kwamba theluji ikigandamana chini ya soli, pini haziingii sawasawa. Mtu akilazimisha, matundu hupanuka, soli ikalegea na mwisho kuchanika. Aina iliyo na waya unaozunguka kisigino huokoa safari soli ikishachanika. Na msisahau kwamba vifungio hivi vina kushoto na kulia.

Wa pili ni NNN BC, wenye kijiti cha chuma kilichokingama chini ya vidole. Unachanganywa mno na NNN ya kawaida, ile ya njia zilizochongwa, lakini kijiti cha BC ni kinene zaidi na hakiingii kule. Mtu ananunua viatu mahali pamoja na ski pengine, bei nzuri kotekote, anagundua kosa usiku wa kuamkia safari. Adui wa mfumo huu ni barafu inayojaa kwenye mdomo wa kifungio. Ikwanguliwe kwa ncha ya kisu kabla ya kukanyaga, si baada ya kifungio kukataa kufunga.

Wa tatu, Xplore, ni mpya zaidi; pini zake zimo ndani ya kiatu na hutokeza pembeni. Kutembea nao ni raha, na mpira wa mbele unabadilishwa, laini kwa tambarare na mgumu kwa mteremko. Bei yake si ya kuanzia.

Sasa ndiyo tuje kwenye ski. Katikati kila ski ina upinde, na upinde huo hupimwa kwa uzito, tena uzito pamoja na shanta. Mtu wa kilo 80 mwenye shanta la kilo 18 anaziletea ski kilo 98. Akichukua ski za mtu wa kilo 80, sehemu ya kushikia theluji itaburuzika wakati wote, nta iliyopakwa hapo ikalika na mwendo ukawa wa konokono. Akichukua ngumu kupita kiasi, kila kilima kitamrudisha nyuma. Jaribio la karatasi bado halijapata mpinzani: ziwekwe sakafuni palipo sawa, asimame juu ya zote mbili kwa uzito ulio sawa, shanta mgongoni. Karatasi ipite chini ya mguu bila kukwama, kutoka kisiginoni hadi kama sm 30 mbele ya kifungio. Ahamishie uzito wote mguu mmoja; karatasi ibanwe isitoke. Kipimo cha urefu (kimo chako jumlisha sm 15 hadi 20) kinafaa kwa ski nyembamba za masafa, lakini jedwali la uzito la mtengenezaji ndilo lisomwe kwanza.

Upana wa mm 60 hadi 70 puani unatosha kwa safari ndefu za tambarare. Ski pana sana kwa kiatu laini ni usumbufu, kwani mguu hauna nguvu ya kuigeuza. Ukingo wa chuma, mzima kutoka mbele hadi nyuma, ni wa lazima: upepo wa juu huko hugeuza theluji ikawa kama sakafu ya saruji.

Kuhusu kushika theluji, nta ya bluu ni ya baridi, ya zambarau ni ya karibu na sifuri. Ski yenye michongo kama magamba ya samaki upande wa chini huvumilia hali ya kubadilikabadilika lakini huteleza kwenye barafu. Ngozi fupi za kubandika chini ya ski ndizo tunazowashauri wageni. Zitunzwe ndani ya koti, kwani gundi iliyopoa haishiki.

Anayenunua mitumba akunje soli ya kiatu kwa nguvu na kuikagua kwa ukucha kwenye maungio. Soli za poliyurethani huoza zenyewe kwa miaka, hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini, na humeguka kama mkate mkavu. Na kabla ya kununua chochote, aulize kituo cha BUA, cha kuazima vifaa vya michezo, kilicho karibu naye. Vifaa huazimwa bure.

Shantani pasikosekane bisibisi inayoingia kwenye skrubu za vifungio, skrubu za akiba, gundi ya epoksi, sufi ya chuma ya kujazia tundu lililolegea, waya laini na mikanda miwili ya kufungia.

Jambo la mwisho ni kukausha. Kibandani watu hupanga viatu kando ya jiko la kuni, na asubuhi ngozi imepasuka na soli imeachia gundi. Vitundikwe juu, mbali na moto, vikiwa vimeshindiliwa magazeti makuukuu, nayo yabadilishwe baada ya saa moja. Toleo lenu la Jumapili, lenye kurasa nyingi, linatosha jozi mbili.

Wasomaji wenu,
Bergen